Mashine kama Sehemu ya Matini: Usogezaji wa Mandhari katika Michezo ya Kufyatua ya Kompyuta za Nyumbani na Konsoli za Awali

Ikisiri

Makala haya yanachunguza michezo ya video ya kufyatua yenye mandhari isogeayo, iliyotungwa kwa ajili ya kompyuta za nyumbani na konsoli kati ya mwaka 1981 na 1990. Hoja kuu ni kwamba usogezaji wa mandhari haukuwa pambo lililoongezwa juu ya mchezo uliokwisha kutungwa. Ulitokana na mapatano baina ya mtungaji na mashine yake, na mapatano hayo ndiyo yaliyozaa fani na, mara nyingi, maudhui yenyewe. Mifano mikuu ni River Raid, Uridium na Gradius. Kutokana na hoja hiyo, makala yanajadili tatizo la kuchagua nakala ya uchunguzi katika zama ambazo mashine asilia zinazidi kuadimika.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hufundishwa mapema kutofautisha fani na maudhui, na baada ya muda hufundishwa pia kwamba utofautishaji huo ni wa kurahisisha uchambuzi tu. Katika ushairi jambo hili halizui ubishi mkubwa. Hakuna mhakiki anayedhani kwamba shairi la mizani kumi na sita kwa mshororo lilitungwa kwanza kwa lugha ya mjazo, kisha likakatwakatwa ili lienee katika kipimo. Kipimo kilikuwapo tangu neno la kwanza, na kilishiriki kuamua ni neno lipi litakalofuata.

Katika uchunguzi wa michezo ya video hali ni tofauti. Mara nyingi mchezo huelezwa kwa kisa chake, kisha picha, sauti na mwendo huelezwa kama chombo kilichobeba kisa hicho. Ukitazamwa hivyo, mchezo wa kufyatua wa miaka ya 1980 ni matini maskini: ndege moja inasonga mbele, adui wanakuja, ndege inafyatua. Kisa kinakwisha katika sentensi moja, na mhakiki hubaki ama kuudharau mchezo ama kuulaumu kwa kutukuza vita. Makala haya yanadai kwamba umaskini huo ni wa njia ya usomaji na si wa matini. Mashine iliyoendesha mchezo ni sehemu ya matini, na asiyeisoma mashine hajausoma mchezo.

Mfano unaotangulia kipindi kinachochunguzwa unaweza kuifanya hoja hii ieleweke. Katika Space Invaders, mchezo uliobuniwa na Tomohiro Nishikado na kutolewa na kampuni ya Taito mwaka 1978, wavamizi 55 hushuka polepole kuelekea kwa mchezaji. Kadiri wanavyouawa ndivyo waliosalia wanavyoongeza kasi, hadi yule wa mwisho anapokimbia kutoka ukingo hadi ukingo. Chanzo cha kasi hiyo kilikuwa uwezo mdogo wa prosesa: wavamizi walipokuwa wengi, mashine ilichelewa kuwachora wote, walipopungua, ilipata nafasi ya kuwachora waliobaki kwa haraka zaidi. Nishikado aliiona athari hiyo na akaiacha ibaki. Hivyo hofu inayoongezeka kadiri adui wanavyopungua, ambayo mhakiki angeiita mbinu ya kujenga taharuki, ilizaliwa na udhaifu wa chombo.

2.0 Kutoka Skrini Moja hadi Dunia Ndefu

Space Invaders ulichezwa ndani ya skrini moja isiyosogea. Mwaka 1981 mashine mbili za kutumbukiza sarafu ziliweka mifano miwili ya kuivuka mipaka hiyo. Defender, uliobuniwa na Eugene Jarvis katika kampuni ya Williams, ulimpa mchezaji dunia yenye upana wa skrini kadhaa na uhuru wa kuruka kushoto au kulia, huku ramani ndogo iliyo juu ya skrini ikimwonyesha yanayotendeka asikokuona. Scramble, wa kampuni ya Konami, ulifanya kinyume: mandhari ilisogea yenyewe kutoka kulia kwenda kushoto, mchezaji hakuweza kurudi nyuma, na mafuta ya ndege yaliendelea kupungua. Kwa ufupi, katika Defender mandhari humtii mchezaji; katika Scramble mandhari humburuta. Takriban michezo yote ya jamii hii iliyofuata inaweza kuwekwa upande mmoja au mwingine.

Mashine hizo za sarafu ziliundwa ili ziendeshe mchezo mmoja tu, na wahandisi waliweza kuongeza saketi ambazo mchezo ulizihitaji. Mtungaji wa programu za nyumbani hakuwa na nafasi hiyo. Alipokea konsoli au kompyuta iliyokwisha kuuzwa kwa maelfu ya watu, isiyoweza kuongezewa chochote, na ambayo mara nyingine haikukusudiwa kabisa kusogeza picha.

3.0 River Raid: Mto Usiochorwa

Konsoli ya Atari 2600 iliingia sokoni Marekani mwaka 1977. Ilikuwa na kumbukumbu ya kazi ya baiti 128. Haikuwa na mahali pa kuhifadhia picha ya skrini. Programu ililazimika kuilisha chipu ya picha mstari baada ya mstari, wakati uleule ambapo mwale wa elektroni ulikuwa ukipita juu ya kioo cha televisheni. Kwa kila mstari prosesa ilipata mizunguko 76 tu ya kufanya kazi. Mandhari ya nyuma ilielezwa kwa biti 20 zilizojaza nusu ya kushoto ya skrini, na chipu ilijaza nusu ya kulia kwa kuzirudia biti hizohizo au kuzigeuza kama kioo kigeuzavyo sura. Vitu vinavyojongea juu ya mandhari, ambavyo vitaitwa hapa spraiti, vilikuwa viwili vyenye upana wa pikseli 8, pamoja na vitone vichache vya risasi na mpira.

Mashine ya namna hii ina upande inaoupendelea. Kila kipande cha mandhari kina upana wa pikseli 4, kwa hiyo kuisogeza kwa ulaini kuelekea kushoto au kulia ni kazi ngumu mno. Kuisogeza kutoka juu kwenda chini ni rahisi zaidi: kwa kuwa picha huchorwa mstari kwa mstari, inatosha kuanza kusoma data kutoka mstari tofauti kidogo katika kila fremu. Carol Shaw, aliyeandika River Raid kwa ajili ya kampuni ya Activision mwaka 1982, alifuata upande huo. Ndege iko chini ya skrini, mto unateremka kutoka juu, na kingo zake mbili zinalingana kikamilifu kwa sababu ukingo wa kulia ni taswira ya ukingo wa kushoto. Visiwa vilivyo katikati ya mto navyo vimezaliwa na ulinganifu huo.

Ugumu uliosalia ulikuwa wa urefu. Katriji nzima ilikuwa na kilobaiti 4, yaani baiti 4,096, ambazo zilipaswa kubeba programu, picha, sauti na mto wenyewe. (Makala haya peke yake yana herufi zaidi ya mara tatu ya idadi hiyo.) Mto mrefu usingeweza kuhifadhiwa humo kama ramani. Shaw hakuuhifadhi. Aliweka kanuni fupi ya hesabu ambayo hupokea namba, husogeza biti zake na kutoa namba nyingine inayoonekana kana kwamba imeokotwa bila mpango. Namba hiyo huamua upana wa mto, umbo la kingo na vitu vitakavyotokea. Kwa kuwa kanuni huanza daima na namba ileile, mto unaotokea ni uleule kila mchezo unapoanza. Mchezaji anaweza kuukariri mto ambao hakuna mkono uliowahi kuuchora.

Hapa linazuka swali la utunzi ambalo nadharia za kifasihi bado zinalijibu kwa kusitasita. Je, mwandishi wa mto ni nani? Kusema kwamba mashine ndiyo iliyoutunga ni kutia chumvi, kwani mashine haikuchagua chochote. Kusema kwamba Shaw aliutunga kama mchoraji atungavyo picha nako si sahihi, kwani hakupanga kila kona. Alitunga kanuni na akachagua chanzo chake, na kwa hiyo sehemu ngumu ambayo mchezaji huiogopa ni matokeo ya uamuzi wake ingawa haikuwa nia yake. Jibu hilo ndilo linaloafikiwa na makala haya: utunzi wa kanuni ni utunzi kamili.

Spraiti mbili nazo zilileta sharti lao. Moja ilitumiwa kwa ndege ya mchezaji; nyingine ilibidi itosheleze kila kitu kingine, ikitumiwa upya katika kila ukanda wa skrini kadiri mwale ulivyoshuka. Matokeo yake ni kwamba meli, helikopta, ndege za adui na matangi ya mafuta huja mmoja mmoja, kila kimoja katika ukanda wake. Mchezaji hakabiliwi na kundi bali na mfuatano wa maamuzi madogo. Mdundo huo wa kimoja-kimoja, unaoharakishwa au kucheleweshwa na mchezaji kwa kusukuma kijiti mbele au kukivuta nyuma, ndio unaoutofautisha River Raid na michezo mingi ya wakati wake.

Uamuzi mmojawapo unastahili kutazamwa kwa karibu. Tangi la mafuta likilipuliwa humpa mchezaji pointi 80, zaidi ya helikopta ambayo hutoa 60 na meli ambayo hutoa 30. Tangi hilohilo likipitiwa juu bila kufyatuliwa huijaza ndege mafuta, na anayelipitia polepole hupata mafuta mengi zaidi. Kwa kuwa mto hausimami na ndege haiwezi kugeuka, mafuta ndiyo muda wa kuishi. Anayefyatua kila kitu anachokiona hufa kwa ukame.

Jambo hili halikuonekana na wasomaji rasmi wa kwanza wa mchezo huu. Mwaka 1984 bodi ya Ujerumani Magharibi iliyokagua machapisho yanayodhaniwa kuwa na madhara kwa vijana iliuingiza River Raid katika orodha yake, hatua iliyozuia usitangazwe wala kuuzwa kwa watoto. Katika uamuzi wake bodi iliuona mchezo kama malezi ya kijeshi yanayomweka mtoto katika nafasi ya mpiganaji asiye na huruma, na ikataja pia mkakamao wa mwili, hasira na maumivu ya kichwa kama athari za kuucheza. Mchezo ulibaki orodhani hadi mwaka 2002.

Usomaji wa bodi haukuwa wa kipuuzi. River Raid ni mchezo wa kuangamiza meli na madaraja, na jina lake lenyewe lina maana ya shambulio la mtoni. Hata hivyo, bodi ilisoma kisa peke yake. Laiti ingesoma uhusiano wa tangi, mafuta na mto usiosimama, ingekuta kwamba katika mchezo huu kujizuia kufyatua ni stadi yenye thamani sawa na kulenga shabaha, na kwamba mpiganaji asiye na huruma ndiye anayetangulia kufa. Hiyo haiufanyi mchezo kuwa wa amani. Inaonyesha tu kwamba maudhui yake hayawezi kuorodheshwa kwa kuhesabu vitu vinavyolipuka.

4.0 Hesabu ya Muda: Commodore 64 na Spectrum

Miaka ya 1980 uwanja wa jamii hii ya michezo barani Ulaya, na Uingereza hasa, ulikuwa kompyuta za nyumbani. Mbili kati yake zilitoka mwaka 1982, na tofauti yao inafundisha mengi.

Commodore 64 ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 64 na chipu ya picha yenye spraiti 8, kila moja ikiwa na upana wa pikseli 24 na kimo cha pikseli 21. Chipu hiyo iliweza kuisogeza skrini nzima kwa pikseli 0 hadi 7. Pikseli ya nane ndiyo iliyokuwa na gharama. Baada ya hatua hizo, programu ililazimika kuhamisha kila herufi ya skrini safu moja, kisha kuanza tena. Skrini ilikuwa na safu 40 na mistari 25, yaani nafasi 1,000, na kila nafasi ilikuwa na rangi yake katika kumbukumbu ya pembeni. Kuhamisha baiti moja kwa njia ya haraka kabisa huchukua angalau mizunguko 8 ya prosesa. Herufi na rangi kwa pamoja zinadai mizunguko 16,000. Katika mfumo wa televisheni wa Ulaya, wenye fremu 50 kwa sekunde, mashine ilikuwa na mizunguko 19,656 kwa fremu, na chipu ya picha ilijinyakulia sehemu ya hiyo. Kilichobaki kilipaswa kuwatosha adui, risasi, muziki na hesabu ya pointi.

Herufi ziliweza kuandaliwa taratibu mahali pa kando kisha zikabadilishwa kwa mkupuo mmoja, kwa sababu chipu iliruhusu kuchagua ni eneo lipi la kumbukumbu lionyeshwe. Rangi hazikuwa na ruhusa hiyo, kwani anwani yake haikuhamishika. Njia nyepesi ya kukwepa gharama ilikuwa kuzifanya rangi zifanane kote, ili zisihitaji kuhamishwa.

Uridium, ulioandikwa na Andrew Braybrook na kuchapishwa na kampuni ya Hewson mwaka 1986, unafaa kusomwa kwa kuzingatia hesabu hiyo. Mchezaji huruka juu ya meli kubwa za angani zilizopewa majina ya metali kama zinki, risasi na shaba. Mandhari huenda kushoto na kulia kwa kasi na ulaini uliowashangaza wengi wakati huo. Kila meli huonekana kama bamba la metali moja, lenye umbo linalotokana na mwanga na kivuli badala ya wingi wa rangi. Ni rahisi kuisifu hali hiyo kama ladha ya kisanaa, na ni ladha kweli, lakini ni ladha inayoafikiana barabara na mashine ambayo rangi zake ni ghali kuzisogeza.

Hapo kivuli kikapewa kazi. Juu ya meli hizo kuna kuta fupi ambazo ndege hupita juu yake bila dhara, na kuta ndefu zinazoiangamiza. Zikitazamwa kutoka juu, kuta hizo hufanana; urefu wake hujulikana kwa urefu wa kivuli tu. Mchezaji anayekwenda kasi hana budi kusoma vivuli kama msomaji wa ramani asomavyo mistari ya mwinuko. Kilichokuwa njia ya kupamba mandhari yenye rangi moja kimekuwa alama yenye maana ya uhai na kifo. Mhakiki anayesema kwamba Uridium una picha nzuri amekosa kulitaja jambo hili, ambalo pengine ndilo lililo bora zaidi katika mchezo mzima.

Kuhusu spraiti 8, watungaji waligundua kwamba mwale ukishapita juu ya spraiti, spraiti hiyo inaweza kuhamishiwa chini zaidi na kuchorwa tena ndani ya fremu ileile. Armalyte, uliochapishwa na Thalamus mwaka 1988, ni miongoni mwa michezo iliyoitumia mbinu hiyo kujaza skrini adui wengi kuliko waliotajwa katika maelezo ya chipu. Hapa ulinganisho na ushairi unahitaji tahadhari. Mizani ni kanuni ya jamii, na mshairi anaweza kuiasi. Wanausasa waliiasi, na mjadala wao na wanamapokeo unajulikana. Chipu haiasiki. Inaweza tu kutiiwa kwa werevu kiasi cha kutoa kile ambacho waliyoiunda hawakukipanga.

Spectrum ya kampuni ya Sinclair haikuwa na spraiti za chipu wala msaada wowote wa kusogeza picha. Skrini yake ilikuwa baiti 6,144, na kila kitu kilipaswa kusogezwa na prosesa. Amri ya prosesa hiyo ya kunakili mfululizo wa baiti hutumia mapigo 21 kwa kila baiti; kuinakili skrini nzima kunadai mapigo 129,024, ilhali fremu moja ilikuwa na mapigo 69,888. Kwa maneno mengine, mashine ambayo haifanyi jambo lingine lolote isipokuwa kusogeza picha ingehitaji karibu fremu mbili kwa kila hatua. Aidha, rangi ziliwekwa kwa visanduku vya pikseli 8 kwa 8, na kitu kilichosogea kwa hatua ndogo kuliko hizo kiliambukiza jirani yake rangi.

Watungaji walikuwa na njia tatu za kulikabili tatizo hilo: kulipunguza dirisha la mchezo, kusogeza kwa hatua za pikseli 8 ambazo jicho huziona kama mikwaruzo, au kuacha rangi nyingi. Toleo la Spectrum la Uridium, lililoandikwa na Dominic Robinson, lilithibitisha kwamba kasi iliwezekana hata kwenye mashine hiyo. Malipo yake yalikuwa rangi. Hivyo jina moja, Uridium, limebeba matini mbili. Zina kisa kimoja na mpango mmoja wa ushindi, lakini kila moja imetungwa upya kwa kipimo kingine, kama kisa cha zamani kinaposimuliwa kwa utenzi na tena kwa hadithi ya mjazo.

Mtafiti wa kipindi hiki ana bahati katika jambo moja: baadhi ya watungaji waliandika kuhusu kazi yao. Jarida la Uingereza la Zzap!64 lilichapisha shajara ya Braybrook alipokuwa akitengeneza Paradroid mwaka 1985, na Bob Pape, aliyeandika toleo la Spectrum la R-Type la mwaka 1988, alikuja kuandika kitabu kizima cha kumbukumbu kuhusu kazi za namna hiyo. Ushahidi huo haupaswi kuchukuliwa kama neno la mwisho, lakini unaonyesha wazi kwamba kwa watungaji wenyewe hesabu ya mizunguko na ubunifu wa mchezo vilikuwa kazi moja.

5.0 Famicom na Mipaka Iliyokwisha Kuandaliwa

Konsoli ya Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani mwaka 1983, iliundwa na watu waliokwisha kuujua usogezaji wa mandhari. Chipu yake ya picha iliisogeza skrini pikseli kwa pikseli bila kumchosha mtungaji, na kazi yake ilibaki kuandika safu mpya ya mandhari nje ya ukingo kabla haijaonekana. Ilikuwa na spraiti 64, lakini si zaidi ya 8 katika mstari mmoja, zilizozidi hazikuchorwa. Ili zisipotee kabisa, programu zilibadilisha mpangilio wa spraiti kila fremu, na ndipo ukatokea ule mmemetuko ambao wachezaji wa konsoli hiyo wanaukumbuka.

Gradius, mchezo wa sarafu wa Konami wa mwaka 1985, ulihamishiwa Famicom mwaka 1986. Katika mashine ya sarafu ndege huweza kufuatwa na vivuli vinne vinavyopita njia ileile iliyopitwa na ndege na kufyatua pamoja nayo. Katika Famicom ni viwili tu. Badiliko hilo halikupunguza mapambo peke yake. Vivuli hivyo hufuata historia ya mwendo wa mchezaji, na stadi ya juu katika Gradius ni kujipangia njia leo kwa ajili ya risasi zitakazotoka hapo baadaye. Anayeongoza vivuli viwili anapanga sentensi fupi kuliko anayeongoza vinne.

Toleo hilo la Famicom ndilo pia lililoleta mfuatano maarufu wa vitufe ambao humpa mchezaji silaha karibu zote. Uliwekwa na Kazuhisa Hashimoto ili aweze kuujaribu mchezo aliouona kuwa mgumu mno kwake, na ukabaki ndani ya katriji zilizouzwa. Ni mfano adimu wa alama ya kazi ya mtungaji iliyosahaulika ndani ya matini, kisha ikawa mali ya wasomaji wake.

6.0 Suala la Nakala

Iwapo mashine ni sehemu ya matini, basi swali la nakala ipi ichunguzwe si la kiufundi peke yake. Watafiti wengi leo huifikia michezo hii kupitia programu zinazoiga mashine asilia ndani ya kompyuta za kisasa. Programu hizo ni za thamani kubwa, na bila hizo sehemu kubwa ya utafiti huu isingewezekana. Lakini nyingi humpa mtumiaji hiari ya kusahihisha mchezo: kuondoa kikomo cha spraiti 8 kwa mstari ili mmemetuko utoweke, kulainisha pikseli, au kuendesha kwa fremu 60 mchezo uliotungwa kwa fremu 50. Mchezo wa Ulaya uliofungamanishwa na fremu, ukichezwa hivyo, huwa na kasi zaidi kwa asilimia 20. Kwenye Commodore 64 ya Marekani, prosesa haikuwa na mizunguko 19,656 kwa fremu bali 17,095. Hesabu iliyoelezwa katika sehemu ya nne ingebidi ifanywe upya.

Watafiti wa fasihi simulizi wana uzoefu wa tatizo hili kuliko wanavyodhani watafiti wa michezo. Wanajua kwamba ngano iliyonukuliwa kwenye karatasi si utendaji wa ngano hiyo, na kwamba anayenukuu akisafisha marudio, vikohozi na vicheko vya hadhira anaweza kuwa amefuta kilichobeba maana. Kwa sababu hiyo hutakiwa kutaja mahali, msimulizi, na jinsi kilivyorekodiwa. Uchunguzi wa michezo ya video kwa Kiswahili, ambao bado ni mchanga, ungefanya vema kudai kiwango hichohicho: kila tasnifu itaje mashine, mfumo wa televisheni, na marekebisho yote yaliyowashwa katika programu ya kuigia. Tasnifu inayosema tu kwamba mtafiti aliucheza Uridium haijamwambia mtahini ni Uridium ipi.

Ugumu wa kanuni hiyo unaonekana katika Gradius III, ambao Konami iliuhamishia Super Famicom mwaka 1990. Prosesa ya konsoli hiyo mara nyingi ililemewa na wingi wa vitu, na mchezo mzima ukapungua kasi. Mwaka 2019 mtayarishaji wa programu wa kujitegemea alitoa marekebisho yanayouwezesha mchezo huo kutumia chipu ya ziada ambayo Nintendo yenyewe iliiweka katika baadhi ya katriji zake za baadaye, na ucheleweshaji ukaondoka. Hakuna adui aliyeongezwa wala kupunguzwa. Kwa mtazamo wa kisa, matoleo hayo mawili ni kitu kimoja.

Kwa mchezaji si kitu kimoja. Katika hatua ya pili, ambapo mapovu makubwa hugawanyika kuwa madogo na kuijaza skrini, toleo la 1990 hupungua kasi pale hasa hatari inapozidi, na humpa mchezaji nafasi ya kupenya ambayo hakuna mstari wowote wa programu uliokusudia kumpa. Wachezaji waliizoea nafasi hiyo na kuitegemea kwa karibu miongo mitatu. Toleo la 2019 huenda kwa kasi iliyoandikwa katika programu, na nafasi hiyo haipo tena. La kwanza lina uaminifu kwa mchezo uliochezwa, la pili kwa mchezo ulioandikwa, na mtafiti anayetaka kueleza ugumu wa hatua hiyo hawezi kuyatumia yote mawili kana kwamba ni nakala za matini moja.